Feni Niliyoizima Mwenyewe

Joubert Park, alasiri

Aline mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga watu wa kanisa, na nakujua, hutarudi kabla jua halijaondoka kwenye ukuta wa kitanda changu. Kwa hiyo nina muda. Mkono unatetemeka, utanivumilia. Sitakuandikia habari za kula, kulala na kufunga begi. Mama yako mdogo Mado amekwisha kukueleza hayo yote kwa ile sauti yake ambayo yeye mwenyewe haisikii, na majirani wa ghorofa ya juu nao sasa wanajua kwamba huko milimani Lesotho mtu havai viatu vya wazi.

Nitaanzia jana. Uliingia, ukaweka kiganja juu ya hita ya umeme uliyoninunulia, ukaikuta baridi.

“Mama, umezima tena.”

Nami, mwanamke wa umri huu, mhandisi, nikakujibu bila hata kufikiri: “Umeme umekatika.”

Ukatazama taa iliyokuwa inawaka juu ya kichwa changu. Ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukamvuta Mado aje aone. Ukamwonyesha hita, ukamwonyesha taa, kisha ukaninyooshea mimi kidole, naye akacheka kuliko wewe. Nilicheka pamoja nanyi. Lakini baada ya hapo sikupata usingizi, kwa sababu maneno kama hayo niliwahi kuyasema mbele ya watu wazito, katika kikao, na siku hiyo hakuna aliyetazama taa.

Halafu ukafanya jambo la pili. Ulitandaza michoro yangu ya zahanati juu ya blanketi langu, ile ya zamani, yenye pembe zilizochakaa, ukasema huko uendako utaanza nayo. Zahanati za wilaya nzima na shule zake, zote zinakula umeme kwa ajili ya joto na bado watu wanatetemeka ndani yake. Wewe utafunga nyufa, utaziba madirisha, utaweka feni ya kutoa hewa, kama mama alivyofanya. Ulisema “kama mama alivyofanya” kwa fahari, na mimi nikanyamaza. Ukadhani kimya changu ni baraka. Kilikuwa uoga. Basi nakiandika sasa kimya hicho, kabla hujapanda basi la asubuhi ukiwa umekibeba kwenye begi lako.

Mchungaji alikuja juzi, uliona. Alikuja na maneno laini ya kumsaidia mtu atubu mapema. Nilimwambia anywe chai aende zake. Nilimwambia Mungu anajua. Asiyejua ni Aline. Alikasirika kidogo, lakini alimaliza chai.

Sikiliza sasa.

Unajua nilivyofika mji huu. Nilitoka Lubumbashi na shahada ya uhandisi, na kwa miaka mingi shahada hiyo ilikaa chini ya godoro wakati mimi nasuka nywele kwenye ukingo wa bustani hapo chini. Wateja wangu waliniita profesa kwa dhihaka, kwa sababu niliwaeleza kwa nini dirisha linatoa jasho asubuhi. Kwa hiyo siku kampuni ndogo ya wahandisi ilipokubali kwamba karatasi yangu ni karatasi, niliingia pale kama mtu anayeingia vitani. Nilikuwa na kitu cha kuthibitisha. Chunga sana siku utakapokuwa na kitu cha kuthibitisha.

Walinipa zahanati ya umma upande wa Jeppestown. Uliwahi kufika ulipokuwa mdogo, ulipelekwa kuchanjwa. Ukumbi wake wa kungojea ulikuwa mkubwa kama karakana, na kweli zamani ulikuwa karakana: bati juu, dari hakuna, madirisha ya chuma yanayopitisha upepo hata yakiwa yamefungwa. Kwenye kuta waliweka hita za nyaya nyekundu, zile zinazochoma paji la uso huku miguu inaganda. Ziliwashwa alfajiri na kuzimwa wakati wa kufunga. Na wewe ni mtoto wa mji huu, unajua baridi yake ilivyo: asubuhi maji yanaganda kwenye ndoo, lakini ikifika saa nne jua limewaka na nje kuna joto kuliko ndani. Hita ziliendelea tu. Wagonjwa walitoka wakaota jua kwenye ukuta wa kaskazini, upande linakopita jua la baridi huku kwetu, na ndani umeme ukawa unapasha viti vitupu. Huo ni wizi, Aline, ingawa hakuna aliyetia kitu mfukoni. Dawa zilikosekana kwenye kabati la jengo lilelile.

Niliweka dari. Juu ya dari niliweka tabaka nene la sufi ya kuzuia joto lisitoroke. Niliweka saa ya kuzima hita jua likipanda. Mpaka hapo sijutii hata msumari mmoja, na mtu akija kukuambia kwamba mama yako alikosea kuanza kazi ile, mwambie akae kwenye ukumbi ule asubuhi moja ya Julai akiwa na soksi nyepesi.

Kisha niliziba madirisha. Niliyapaka silikoni pande zote mpaka yakawa kama yamechorwa ukutani. Sista mkuu wa zahanati, muuguzi mrefu aliyeongea polepole, aliniuliza atayafunguaje. Aliniuliza kwa sababu watu wanaokohoa wanahitaji hewa inayotoka. Kifua kikuu kinaelea hewani pale mtu alipokohoa, na hewa isipotoka, anayeketi baadaye anaivuta. Usidhani sikulijua hilo. Ndiyo maana niliweka feni ya kutoa hewa ukutani, kubwa, niliyoipigia hesabu mwenyewe. Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi kitandani hapa, na bado ni sahihi.

“Hutahitaji dirisha,” nilimwambia. “Feni itakufanyia.”

Alichukua kipande cha karatasi ya chooni, akakisogeza kwenye wavu wa feni. Kikavutwa, kikanasa pale. Akaitikia kwa kichwa, akasema, “Sharp,” yaani sawa, akaenda kazini kwake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Mama yako mdogo alifanya kazi ndani ya ukumbi huo. Wewe ulikuwa darasa la sita au la saba, unakumbuka alivyotoka kabla hujaamka. Alikuwa mkalimani. Wakongo, Warundi, Watanzania, wote waliokuja na maumivu na Kiswahili tu, waliketi kwenye benchi lake karibu na dirisha la mafaili, na Mado akageuza maneno yao kuwa Kiingereza au Kizulu, na maneno ya daktari akayageuza kuwa kitu ambacho mama wa Bukavu anaweza kukitii. Alikuwa na kipaji ambacho mimi sina. Mwanamume akisema anaumwa mgongo, Mado alisikia kwenye sauti kwamba tatizo si mgongo. Mchana alikwenda kushona nguo kwenye karakana ya mafundi cherehani, na jioni alituigiza wagonjwa wote, wewe ukacheka mpaka tonge la bukari likakupalia.

Baridi ilipoanza, vipimo vyangu vikaja vibaya. Umeme ulikuwa umepungua, lakini si kama nilivyoahidi. Sababu niliijua mara moja: feni. Ilikuwa inatoa hewa chafu, ndiyo, lakini ilitoa na joto, na hita zikawa zinapasha hewa mpya kila mara. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Zahanati yangu ikionekana imefaulu, kazi ya zahanati nyingine ingefuata, na kampuni ile isingeweza tena kuniita msaidizi.

Nilifika asubuhi moja, nikafungua boksi la umeme, nikaishusha swichi ya feni. Nikabandika juu yake mkanda wa kijani, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Usiguse, majaribio. Watu wanaheshimu mkanda wenye mwandiko wa mhandisi. Nilijiambia ni kwa wiki mbili, mpaka wakaguzi wapite.

Wakaguzi walipita. Walifurahi. Nilipewa cheti, kile ulichokuta kimetundikwa sebuleni miaka yote, na ambacho siku moja nilikishusha nikakuambia kioo kimepasuka. Hakikupasuka. Na baada ya cheti, swichi sikuirudisha. Ningependa kukuambia nilisahau. Nilisahau siku kadhaa, hiyo ni kweli. Siku nyingine nilikumbuka nikiwa kwenye teksi, nikasema nitapita kesho, na kesho yake nikatazama vipimo vilivyokuwa vizuri, nikaona vibaya kuviharibu. Baridi nzima ikapita hivyo.

Katikati yake mgao wa umeme ukaanza tena. Unaikumbuka miaka ile, kila mtu na ratiba yake kwenye simu, kila jambo likiharibika tunasema ni mgao. Keki isipoumuka, mgao. Mtu akichelewa harusini, mgao. Mji mzima ulikuwa umepata wa kumlaumu, na kwa kweli alistahili mengi. Hakustahili langu.

Mado alianza kukohoa baridi ilipokuwa inaisha. Mlinzi wa mlangoni alikuwa amemtangulia kukohoa. Cha Mado kilikuwa kile kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, na wakati ule tiba yake ilikuwa sindano kila siku kwa miezi. Wewe tulikuambia ni mapafu tu, yatapona. Mapafu yalipona. Sindano zilichukua masikio.

Nakumbuka siku niliyojua. Tulikuwa jikoni. Birika lilikuwa linapiga mluzi juu ya jiko, mluzi mkali wa kutoboa ukuta. Mado alikuwa amesimama kando yake, mkono mmoja kiunoni, anatazama mvuke.

“Yaya,” akaniambia, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, “birika hii imeharibika. Haiimbi tena.”

Nikazima jiko. Nikamwambia nitanunua jingine. Nikanunua jingine, Aline. Nilikwenda dukani kabisa nikanunua birika jipya, kwa sababu sikuweza kumwambia.

Kikao kiliitishwa baadaye. Sista mkuu alikuwepo, kampuni yangu ilikuwepo, na mtu wa ofisi ya afya. Wiki iliyotangulia Sista alikuwa amekwenda kujaribu ile karatasi yake ya chooni tena, na ikaanguka sakafuni. Akauliza kwa nini feni haikufanya kazi. Hakupandisha sauti. Aliuliza akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia feni itamfanyia.

Nikasema, “Umeme ulikuwa unakatika.”

Sentensi ya kweli. Umeme ulikuwa unakatika, kila mtu mezani alikuwa na ratiba mfukoni ya kuthibitisha. Mtu wa ofisi ya afya akaguna, akasema, “Eish, mgao huu,” na kikao kikageuka kuwa kikao cha kulalamikia umeme. Nilikuwa nimekwisha kuutoa mkanda wa kijani na kuipandisha swichi siku mbili kabla. Sista hakulalamika pamoja nao. Alikwenda ukumbini, nasi bado tumekaa, tukasikia kioo kinavunjika. Alivunja madirisha mawili kwa mpini wa ufagio, akarudi, akaketi, akasema tuendelee.

Sasa usinifanyie wema wa haraka. Najua utakachofikiri, kwa sababu una akili yangu: kwamba haiwezi kuthibitishwa. Kifua kikuu kinapatikana popote katika mji huu, kwenye teksi, kanisani, kwenye lifti yetu inayonuka. Mado alipita kote huko. Ni kweli, haiwezi kuthibitishwa, na nimeishi ndani ya ukweli huo kama mtu anayeishi kwenye chumba kizuri ambacho hakukilipia. Ninachoweza kuthibitisha ni swichi. Niliishusha mimi, nikijua kazi yake, na nikaiacha chini.

Nilikwisha kuungama mara moja. Hili ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kuliko hata kikao. Mado alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo, masikio yamekwisha kabisa. Nikasimama mlangoni nikamwambia kila kitu. Kwa sauti, kwa utaratibu, swichi, mkanda, cheti, yote. Aliendelea kusuuza sufuria. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikala vizuri usiku huo. Ona mama yako, mtu aliyesoma, aliyetafuta sikio lisilosikia ndipo akasema ukweli.

Basi hayo ndiyo yaliyo nyuma ya michoro yako. Lakini usiiweke chini. Sikukuandikia ili uache, na hapa ndipo ninapokutaka unisikilize kwa ukali, kwa maana huko utakutana na watu wa namna mbili, na wote watataka kulitumia kosa kama langu.

Wa kwanza watasema: unaona, kupunguza joto kunaua watu, tuachieni hita zetu. Ndivyo zahanati ile ilivyofanya. Baada ya kikao waliitoa saa yangu, wakaongeza hita ukutani, wakaacha madirisha yamevunjika, wakapasha barabara ya Jeppestown mpaka bajeti ikaisha katikati ya baridi. Ndipo hita zikazimwa zote na wagonjwa wakarudi palepale nilipowakuta. Sikubali. Nilikosea kwa swichi moja, na sikubali swichi hiyo iwe hoja ya uzembe wa watu wengine.

Wa pili watakuambia maskini wamezoea baridi, wana mablanketi. Hao usibishane nao. Wapeleke kwenye benchi, wakae.

Maana kosa langu la kwanza halikuwa hata feni. Nilitundika vipimajoto vyangu juu ukutani, mahali mkono haufiki, visije vikaibiwa. Vilikuwa salama kabisa huko juu. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuwa ameketi huko. Nilipima hewa ya darini nikaiandikia ripoti nzuri, na chini yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anakanyaga sakafu ya saruji. Laiti ningeketi kwenye benchi la Mado tangu alfajiri, asubuhi moja tu, na koti langu nimeliacha nyumbani, ningejua kwamba hawahitaji ukumbi mzima uwe na joto. Wanahitaji miguu yao isiwe kwenye saruji, migongo yao isiwe kwenye upepo, na wasingoje muda mrefu hivyo. Foleni ikifupishwa, nusu ya hita haina kazi. Hilo halimo kwenye vitabu vyetu vya uhandisi, kwa sababu foleni si bomba.

Nililijua kwa kuchelewa, kule Diepsloot. Kampuni iliponiambia kwa upole nipumzike, nilikwenda shule moja ya huko nikawaomba waniache nijaribu bila malipo. Mwalimu mkuu alinitazama kama muuza dawa za miujiza. Nilimwambia asinunue kitu. Nilimwomba abadilishe ratiba tu: kipindi cha kwanza, cha kusoma kwa sauti, watoto wasome nje, wameketi kwenye mbao kando ya ukuta wa kaskazini ambao jua linaupiga mapema, na bati la kukinga upepo upande mmoja. Madirisha ya madarasa yabaki wazi kwa juu. Wakiingia ndani baadaye, jua limekwisha kulipasha darasa bila kuomba umeme wa mtu. Mwalimu mmoja alicheka, akaliita darasa la mijusi. Baridi iliyofuata mijusi ndio walioanza kusoma vizuri, na hita tatu za shule zikakaa stoo mpaka panya wakazaliana ndani yake. Hakuna aliyenipa cheti. Jengo halihami, Aline, lakini watu wanahama, na jua linahama. Mimi nilisoma miaka mingi jinsi ya kusogeza joto, na siku zote kulikuwa na njia ya kumsogeza mtu.

Kwa hiyo ichukue michoro. Chukua dari, chukua sufi, chukua saa ya kuzima. Madirisha nimeyachora upya kwa kalamu nyekundu, utaona, mstari umepinda kwa sababu ya mkono huu. Yafunguke kwa juu, kwa mkono wa mtu yeyote, umeme uwepo usiwepo. Na ukiweka feni, kipande cha karatasi kiwe kinaning’inia kwenye wavu wake daima, mahali ambapo kila anayeketi anakiona. Asiwepo mhandisi mwenye mkanda wa kijani atakayeweza kuizima na watu wasijue. Nakuwekea ulinzi dhidi ya mtu mmoja tu, Aline, na mtu huyo ni mimi. Siku moja utachoka, vipimo vitakuwa vibaya, wakubwa watakuwa njiani, na mimi nitaamka ndani yako. Huyo wa kumzuia.

Jua limefika kwenye mto wangu wa kulalia. Nilitaka kufunga barua hapa. Kisha nikaona kwamba nafanya ileile ya jikoni: nakwambia wewe, na Mado yuko chumba cha pili hajui. Basi nimemwita kwa kugonga sakafu na fimbo, maana anausikia mtetemo kwa miguu. Amekuja na uzi mdomoni. Nimempa kurasa zote.

Alizisoma amesimama dirishani. Anasoma polepole, unamjua, midomo inatembea. Nilitazama midomo hiyo nikajua alipofika kwenye swichi, kwa sababu ilisimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akasoma tena. Alipomaliza alizipanga zikawa sawa, akauliza kwa sauti yake kubwa, ya kusikika mpaka bustanini:

“Baridi nzima, Yaya?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Akatoka. Nikasikia milango ya kabati jikoni ikifunguliwa na kufungwa, ya juu, ya chini, bila kutoa kitu. Muda mrefu. Nikafikiri hatarudi, na nikajiambia ana haki. Alirudi macho yamekauka. Hakuketi.

“Mtoto akienda kufundisha watu kazi hii,” akasema, “asiseme mgonjwa mmoja. Asiseme mfanyakazi. Aseme Mado. Aseme nilikuwa nasikia, nilikuwa nasikia kuliko wote.”

Nimeandika alivyosema. Hajasema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Kitu kama hicho hakiombwi na mtu anayekufa. Ni kumbana mtu kwenye kona. Akinisamehe, itakuwa kwa muda wake mwenyewe, na kama muda wangu utaisha kabla, nitakwenda hivyohivyo.

Kwa hiyo kesho unaondoka na michoro na jina, na hutatoa kimoja bila kingine. Watu wakikuuliza kwa nini madirisha yako yanafunguka hivyo, utawaambia Mado. Usilifupishe.

Na kesho unaondoka kweli. Usije na ile hadithi ya wiki moja zaidi. Daktari amesema moyo umechoka, hakusema umechoka kukusubiri. Nikifa ukiwa huko na barabara imefungwa na theluji, Mado ataniweka chini vizuri, nawe utakuja ikiyeyuka. Sitajua tofauti. Lakini zahanati huko zitakuwa na watu asubuhi hiyohiyo, na wao watajua tofauti.

Mado bado yuko hapa. Ameizima hita yako bila kuniuliza, nami kwa mara ya kwanza sikuwa nimeigusa. Kisha amekwenda dirishani, hili letu lenye komeo gumu, akalisukuma kwa bega mpaka likaachia. Baridi ya jioni inaingia, na kelele za teksi ambazo yeye hazisikii. Amenifunika blanketi la pili miguuni, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo. Sasa ameketi kwenye kiti chako, ananitazama naandika, na ananionyesha dirisha kwa kidevu.

Liko wazi, Aline. Ukirudi, usilifunge.

Mama yako